Gari Haliwaki Asubuhi: Sikiliza, Pima, Ndipo Ununue Betri

Mwaka juzi nilinunua betri mbili ndani ya miezi saba. Ya kwanza nilinunua baada ya fundi wa mtaani kugusa tu dashibodi na kusema, "Betri imekufa hii, bosi." Ya pili nilinunua kwa hasira, maana duka lilikataa kunibadilishia ile ya kwanza. Gari ni Toyota IST, haya tunayobanana nayo kwenye foleni ya Kimara kila siku. Na betri haikuwa na kosa hata siku moja. Aliyelikamata tatizo ni mzee mmoja, fundi umeme wa magari, akitumia mita ya bei rahisi na kipande cha msasa. Hakumaliza hata dakika tano. Nitaeleza alichofanya tukifika mahali pake.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Tafuta mita ya kupimia umeme (pale Kariakoo zimejaa, usinunue ya bei kubwa), spana namba 10, msasa laini, mswaki uliochakaa, tochi, glavu za mpira na miwani ya aina yoyote ya kukinga macho. Asidi ya betri haina utani na jicho.

Kwanza, tega sikio

Zima redio, AC, feni na taa zote. Hakikisha gia iko P, au N kama ni gari la gia za mkono. Sasa washa huku umesikiliza. Gari linapogoma huwa linasema lenyewe linaumwa wapi, ila wengi wetu tunakuwa tumeshapaniki na kupiga stata (mota inayozungusha injini ili iwake) mara kumi mfululizo mpaka betri nzima nayo inalala.

*"Ta-ta-ta-ta-ta", haraka haraka, na taa za dashibodi zinapepesa.* Hapa umeme haufiki wa kutosha. Swichi ya stata inavutwa, stata inapotaka kuzungusha injini volti zinaanguka, swichi inaachia, volti zinapanda kidogo, inavutwa tena. Huo ndio mlio unaousikia. Betri ni dhaifu, au vibano vyake (vile vinavyoshika waya kwenye vichwa vya betri) vimelegea au vina kutu. Usiseme bado ni kipi kati ya hivyo.

*"Ta!" moja tu, nzito, kisha kimya, na taa zinabaki ziking'aa.* Mara nyingi hii ni stata. Ndani ya swichi yake kuna vipande vya shaba vinavyokutana kupitisha umeme mkubwa. Vinalika kidogo kidogo kila unapowasha, mpaka siku vinaposhindwa kugusana vizuri. Dalili yake ni hii: unajaribu mara ya kwanza "ta!", ya pili "ta!", ya tano gari linawaka kama halijawahi kuugua. Wiki ijayo inakuwa mara ya nane. Vipande hivyo vinabadilishwa peke yake kwenye stata nyingi za Toyota, kwa hiyo fundi akikuambia stata nzima itupwe, muulize kwanza kama ameifungua. Kaboni za ndani (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zikiisha nazo huleta mlio kama huo. Watu hugonga stata kwa mpini wa spana na gari likawaka. Ni kweli inasaidia, lakini likishawaka kwa kugonga, nenda gereji siku hiyo hiyo, usiende harusini Bagamoyo.

*Kimya kabisa.* Tazama taa za dashibodi. Kama nazo hazipo, angalia vibano vya betri na fyuzi kubwa iliyo karibu nayo. Kama zipo na zinang'aa, sogeza gia kutoka P kwenda N ujaribu tena, maana swichi ya gia ikichakaa gari huamini liko D. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, mwombe mtu aangalie kama taa za breki za nyuma zinawaka unapokanyaga. Swichi ya breki ikifa, kitufe hakiwashi injini hata ungelia. Na kama betri ndogo ya ufunguo ndiyo imeisha, kwenye Toyota nyingi unakanyaga breki, unagusisha ufunguo kwenye kitufe upande wenye nembo, unasikia mlio, kisha unabonyeza.

*"Wiiiii", kitu kinazunguka lakini injini haisogei.* Meno ya stata hayakamati. Ni kazi ya gereji.

*Injini inazunguka vizuri, kwa kasi ile ile ya siku zote, ila haishiki moto.* Hapa iache betri kabisa. Tafuta kwenye mafuta (geji nazo hudanganya), pampu, plagi, koili, sensa ya krenki, au taa ya ufunguo inayomweka kwenye dashibodi kuonyesha kuwa gari halijautambua ufunguo wako. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, na uipumzishe nusu dakika au zaidi kabla ya kurudia. Stata hupata moto haraka kuliko unavyodhani.

Pima kabla mlango haujafunguliwa

Kipimo cha maana ni cha asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Boneti liachie jana yake jioni, kwa sababu ukifungua mlango tu taa zinawaka na kompyuta zinaamka, na namba zinabadilika. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyekundu iguse kichwa chenye alama ya kujumlisha, nyeusi iguse cha kutoa. Gusa kichwa chenyewe cha risasi, siyo kibano kilichokivaa.

Volti 12.6 na kidogo juu yake: betri imejaa. 12.4: kama robo tatu. 12.2: nusu. 12.0: iko robo, na inaumia. 11.8 kushuka chini imeisha. Umeona jinsi tofauti ilivyo finyu? Ndiyo maana mtu anayekuambia "ina volti 12, nzima hiyo" hajakuambia kitu.

Ukikuta kama 10.5, na hata ukichaji haipandi, huenda chumba kimoja kimekufa. Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2 na pointi. Kikitoka kimoja, unaona pengo lake kwenye mita. Hiyo haina dawa.

Namba nzuri asubuhi bado haimaanishi betri ni nzima, maana volti bila mzigo ni kama mtu anayejisifu akiwa amekaa. Mwite mwenzako apige stata huku wewe umeshika mita kwenye vichwa vya betri. Namba itaanguka, ni kawaida. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri inayoonyesha 12.6 ikiwa imetulia, kisha inadondoka mpaka 8 stata inapovuta, imechoka. Lakini ikibaki 11 au 12 na stata inazunguka kwa uvivu au haizunguki kabisa, betri ina nguvu ila umeme unakwama njiani. Ndipo nilipokuwa mimi.

Boliti moja la waya wa bodi

"Shikamoo mzee, hii betri ya pili sasa."

"Marahaba. Betri iache mwanangu, hujaniambia waya wa bodi umeangaliwa na nani."

Haujaangaliwa na mtu. Umeme unatoka kwenye betri kwa waya mwekundu, unapita kwenye stata, halafu lazima urudi. Unarudia kwenye chuma cha injini na bodi, kupitia waya mnene mweusi unaofungwa kwa boliti. Mafundi huuita ethi. Mzee aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha kutoa cha betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia nipige stata. Mita ikasoma 2.4. Akacheka peke yake.

Namba hiyo ilitakiwa iwe karibu na sifuri, isizidi 0.2 au 0.3. Karibu volti mbili na nusu zilikuwa zinaliwa na kutu kwenye boliti moja, stata ikabaki na makombo. Alifungua boliti, akasugua chuma na kichwa cha waya kwa msasa mpaka vikang'aa, akafunga, akapaka grisi. Tukapima tena: 0.1. Injini ikazunguka kama ya gari jipya. Sisi wa pwani chumvi ya bahari inatula vyuma hivi polepole, na hakuna anayeviangalia kwa sababu viko chini, vimejificha na tope.

Fanya hivyo hivyo upande mwekundu: ncha moja kwenye kichwa cha kujumlisha, nyingine kwenye boliti kubwa ya stata, kisha stata ipigwe. Ikizidi nusu volti, fuata waya huo kipande kwa kipande mpaka uone panapokula umeme. Halafu kichwa cha betri na kibano chake: hapo pasionekane hata 0.1. Nimeona vibano vilivyobanwa kwa msumari au kipande cha kopo kilichopachikwa pembeni ili "vikaze". Kibano kikipanuka, nunua kingine.

Alteneta, na dhambi ya kuchomoa waya

Alteneta ndiyo inayochaji betri injini ikiwa inaunguruma. Injini ikishawaka, acha ipashe moto dakika mbili tatu, kisha pima betri. Isome kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa, AC na feni. Isishuke chini ya 13.3 hivi ukikanyaga mafuta kidogo. Ikibaki 12 na pointi, haichaji: tazama mkanda kama umelegea au umeng'aa, tazama soketi ya nyuma ya alteneta, kisha kaboni na regyuleta (inayodhibiti volti). Ikizidi 15, inachaji kupita kiasi na itaichemsha betri. Utajua hata kwa pua, kuna harufu kama ya mayai viza. Magari mapya kidogo hucheza na uchaji makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo ukiona 12.9 kwa muda kisha inarudi 14, usikimbilie kubadilisha kitu.

Sasa hili. Ukimwona fundi anachomoa kibano cha betri huku injini inaunguruma, eti "anaangalia kama alteneta inafanya kazi", mzuie, hata kama ni mjomba wako. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kishindo, na kinachopokea kishindo hicho ni kontroli boksi (kompyuta ya gari), redio na alteneta yenyewe. Mbinu hiyo ilikuwa ya magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Mita inakupa jibu lile lile bila kuua chochote.

Betri nzima, chaji nzuri, ila kila baada ya siku tatu imelala

Kuna kitu kinanyonya. Kwenye gari lililolala kila kitu kimezimwa, umeme unaotoka unatakiwa uwe mdogo, kama miliampea 20 hadi 50, wa saa na kumbukumbu za kompyuta. Hesabu yake ni rahisi: miliampea 50 kwa siku ni ampea-saa 1.2. Betri ya gari dogo ina kama 35 hadi 45. Hata gari lisilo na kasoro, ukiliacha Dar ukaenda Moshi kula Krismasi wiki tatu, utarudi ulikute limebakiwa na nusu au chini. Kama kinachonyonya ni nusu ampea, siku mbili zinatosha.

Kupima, fungua kibano cha kutoa, weka mita kwenye ampea 10 (hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, wengi husahau), kisha iunganishe katikati: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye kibano ulichofungua. Milango imefungwa, ufunguo uko mbali. Subiri dakika 20 hadi 30 kompyuta zilale. Usiwashe gari huku mita iko hapo, utaunguza fyuzi yake, wala usifungue mlango, kompyuta zitaamka. Namba ikiwa kubwa, anza kuchomoa fyuzi za gari moja moja. Ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka, ndiyo njia ya mwizi.

Kwa uzoefu wa gereji zetu, anza na vitu vilivyofungwa baada ya gari kutoka bandarini: king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, redio kubwa, chaja ya simu iliyounganishwa moja kwa moja na betri. Kisha taa ya buti. Ile inabaki inawaka gizani na wewe umeshafunga, utaijuaje? Weka simu ndani ikirekodi video, funga buti.

Kubusti bila kulipuka

Kubusti ni kuazima umeme wa betri ya gari jingine ili lako liwake. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na cheche moja juu yake inatosha. Ndiyo maana mpangilio wa nyaya una sababu:

1. Magari yasigusane, yote yamezimwa.
2. Waya mwekundu kwenye kujumlisha kwa betri iliyolala, kisha kwenye kujumlisha kwa betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye kutoa kwa betri nzima. Mwisho wake wa pili ufunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri. Cheche ya mwisho itatokea huko, siyo juu ya gesi.
4. Washa gari zima, subiri dakika tano. Kisha washa lililolala.
5. Ondoa kwa kurudi nyuma, ukianza na mweusi uliofunga kwenye chuma.

Nyaya nyembamba za bei ya chini hupata moto na hazipitishi kitu, unaweza kudhani betri ya jirani ni mbovu. Gari la haibridi usilitumie kubusti wengine. Gari la otomatiki usijisumbue kulisukuma, vijana watachoka bure. Na betri iliyovimba au inayovuja isibustiwe wala kuchajiwa.

Likishawaka, usidhani mzunguko wa dakika kumi kwenda dukani umeijaza. Betri iliyoisha inataka chaja na usiku mzima, kwa ampea zisizozidi kama sehemu ya kumi ya ukubwa wake: 45 ipewe 4 au 5. Wale wa pembeni ya barabara wanaochaji kwa nusu saa wanasukuma umeme mwingi mno, betri inachemka na sahani za ndani (bamba za risasi) zinaumia. Ila kuiacha imelala wiki nzima bila kuichaji ni vibaya zaidi, kwani salfeti inagandia kwenye sahani na haitoki.

Kuitunza

Joto ndilo adui mkubwa, na hili halijulikani sana kwa sababu betri hufa Januari Dar ikagundulika Juni Makambako. Joto hukausha maji na kula sahani kimya kimya. Kisha unapanda Njombe, asubuhi ina baridi kali, oili imekuwa nzito, betri kwa baridi inatoa pungufu, na unasema baridi imeiua. Kama safari ya Nyanda za Juu inakuja na betri ina miaka miwili au mitatu, pima ikiwa stata inapigwa kabla hujaondoka.

Betri yenye vifuniko, ichungulie kila mwezi. Maji yafunike sahani na yasipite alama ya juu. Ongeza maji ya betri (distilled water), tu. Usiongeze asidi, maana kinachopungua ni maji, asidi imebaki ndani. Usiweke maji ya bomba, na ya kisima hasa ya Dar yenye chumvi ndiyo kabisa. Kama betri imelala na maji yamepungua, ongeza kiasi cha kufunika sahani, chaji, ndipo ujaze mpaka alama. Chumba kimoja kikiwa kinakauka kuliko vingine kila mara, hicho kinakuaga.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vibano, fungua kibano cha kutoa kwanza, cha kujumlisha baadaye (spana ikigusa bodi ukiwa unafungua cha kujumlisha kwanza, utaona fataki). Changanya maji ya moto na baking soda, mwagia kidogo, sugua kwa mswaki, suuza, kausha. Mchanganyiko usiingie ndani ya vyumba. Watu wanamwagia soda nyeusi ya chupa. Inasafisha, ila nayo ni asidi na inaacha sukari, sioni sababu. Msasa kidogo ndani ya kibano, funga ukianza na kujumlisha, paka vaselini juu. Mwisho tikisa betri kwa mkono. Ikicheza, kaza chuma kinachoishikilia, kwa barabara zetu za matuta mtikisiko peke yake unatosha kuangusha sahani.

Siku ambayo kweli imekufa

Nenda na betri yako ya zamani au piga picha ya maandishi yake. Kwenye namba kama 46B24L, 46 ni uwezo, B ni umbo, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha upande wa vichwa. Ukichukua R badala ya L, waya hautafika. Ikiongezwa S, yaani 46B24LS, vichwa vyake ni vinene na vibano vyako vya vichwa vyembamba havitaingia. Gari lililokuja kutoka Japani likiwa na mfumo wa kujizima kwenye foleni huwa na betri zenye alama kama M-42, N-55 au Q-85. Ukilifunga ya kawaida huku mfumo huo unafanya kazi, haitadumu.

Dukani toa mita yako. Mwenye duka atakukodolea macho, muache. Betri mpya inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, omba nyingine. Tazama tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa au kubandikwa. Risiti iandikwe tarehe na namba ya betri, kwa sababu bila hiyo hakuna garantii, hilo nimejifunza kwa pesa yangu. Ile ya zamani iache hapo hapo wakupunguzie bei, risasi yake ina soko. Asidi yake isimwagwe uani kwako.

Mpya ikishafungwa, kabla hujaondoka, iwashe injini na upime mara moja zaidi.